Volan Iliyohamishwa Kushoto

Mimi kuendesha gari sijui, lakini gari yenye haisikii volan, ule usukani wake, naitambua. Nilisema. Tangu Pasaka niko nasema, na mukwe wangu masikio yake ilikuwa ya kupamba kichwa tu.

Mukwe wangu ni Patrice, bwana ya binti yangu Bijou. Wao wanakaa Muhumba, kule Bukavu mujini, mimi nakaa Nyantende ku mashamba yangu. Jeep yake ni ndogo, ya zamani, ilipita kwa mabwana wengi mbele ya kufika kwake. Ilikuya na volan kuume. Yeye akataka ikae kushoto sawa ya watu wengine, njo akaipeleka kwa fundi moja anaitwa Firmin. Unajua Firmin alifanya nini? Ile chuma ya volan ya zamani akaiacha pale pale kuume, ndani ya tablo, ile dashibodi ya mbele, akaikata kichwa. Kushoto akafunga volan ingine, akaichomelea kabisa na moto ili isitoke. Kisha akaunganisha hizo mbili na shene, ule munyororo wa pikipiki. Shene ya pikipiki! Kitu ya kuvuta motari, mutu wa pikipiki, na gunia ya makala, njo ilikuwa inageuza gari ya watu.

Tangu ile siku volan ilikuwa inazunguka kwanza bure, kisha njo gari inakumbuka. Ku barabara yenye kunyooka inavuta kushoto, Patrice anairudisha na mabega yote mbili, jasho inamutoka. Ku kona unasikia kule ndani ya tablo kra-kra-kra, sawa mutu anatafuna mifupa.

Mutu ataniuliza: mama Bijou, kwa nini haukumwambia wewe mwenyewe? Kwetu haiko vile. Mama mukwe na mukwe wanaheshimiana mpaka inauma. Hatukuli ku sahani moja, hatukai bega kwa bega, jina yake siiti mbele yake, na yangu haiti. Nikiwa na neno, naipitisha kwa Bijou, hata kama tuko watatu mu chumba kimoja. "Bijou, ambia mukwe wangu hii gari itatumaliza." Na yeye anaangalia ukuta: "Bijou, ambia maman ni tabia yake tu. Likambo te." Likambo te! Eti hakuna shida! Na mimi ku kiti ya nyuma, kila mara ku kiti ya nyuma, na rozari mu mukono.

Ile siku ya posho, jumamosi, walikuya kunisaidia kupiga maharagi itoke mu maganda, ju mvua ilikuwa inatutisha. Gloire, mujukuu wangu, mutoto wa miaka ine, alikuwa anacheza pembeni ya mukeka. Alijaza maharagi mu kinywa, akakuya mbele yangu, akaniambia, "Koko, angalia, nimeota meno ya muzee." Nikacheka. Na yeye akacheka. Njo moja ikaingia.

Alikohoa mpaka macho ikatoka maji. Tukamupiga mu mugongo, tukamuinamisha, zingine zikaanguka, ile moja hapana. Kisha kikohozi ikapunguka, na mimi mujinga nikasema Bwana asifiwe, imepita. Haikupita. Alipovuta pumzi ikaanza kupiga filimbi mu kifua, na midomo yake ikakuwa rangi ya majivu.

Tulikimbia naye ku santre ya afya. Colombe, ule infirmiye, muuguzi wetu, aliweka sikio ku kifua yake, upande huu, upande ule. Akainuka bila kutuangalia.

"Haiko mu tumbo," akasema. "Iko mu njia ya pumzi, na upande moja hausikiki tena. Huku hatuna chombo ya kuitoa, iko tu ku hopitali kubwa ya Bukavu, katikati ya muji. Na haragi, maman, unajua wewe mwenyewe inafanya nini mu maji."

Nilijua. Kila mangaribi naloweka maharagi, na asubui napata imevimba, chungu imejaa.

Colombe alitupatia mutungi wa oksijeni, ule moja walikuwa nao, na maske yake. Alitufunga maneno ku masikio: mutoto akae wima ku kifua ya mama yake, asilale, asihamishwe-hamishwe, kila mara analia njo ile kitu inashuka zaidi. Tena angalieni mushale wa mutungi. Ukigusa nyekundu, mukuwe mumefika.

Pikipiki haikuweza kubeba mutungi ule na mama na mutoto wima, na mvua inakuya. Gari ya santre ilikuwa imeenda mbali na mugonjwa mwingine. Ilibaki ile jeep. Bijou akaingia nyuma na Gloire, mimi nikaingia pembeni yake na mutungi katikati ya magoti. Kiti ya mbele ilibaki bure. Hata mu saa sawa ile sikuenda kukaa pembeni ya mukwe wangu.

"Bijou," nikasema, "ambia mukwe wangu akimbize."

"Bijou, ambia maman niko nakimbiza."

"Bijou, mwambie asikimbize sana ku kona!"

"Maman!" Bijou akapiga kelele. "Munyamaze wote wawili!"

Mvua ilianguka yote kwa mara moja, mutope ikakuwa sabuni. Nilikuwa naangalia mushale, kisha midomo ya Gloire, kisha mushale. Volan kule mbele ilikuwa inalia kra-kra-kra. Tulipoanza kushuka, kwa ile kona kubwa yenye shimo iko upande moja na kilima upande mwingine, ndani ya tablo ikapiga pa!

Patrice alizungusha volan. Ikazunguka sawa kifuniko ya sufuria ku meza. Barabara ilienda kuume, jeep ikaendelea zake kushoto, ku udongo wa kilima. Ingekuwa ile kona ingine, yenye shimo iko kushoto, leo singekuwa nasema na mutu. Tulipiga ule udongo na mudomo ya gari, moteri ikakufa. Gloire akaanza kulia, na kilio chake haikutoka, ilikuwa filimbi tu, filimbi nyembamba.

Patrice alitoka mu mvua. Alijaribu kusimamisha kamyo moja. Ilikuwa inapanda, imejaa, haikusimama. Motari moja alipita na matela, godoro, ku kiti, akaangalia mutungi, akatikisa kichwa, akaenda. Patrice akapiga simu kwa rafiki yake wa mujini. Ule akajibu iko mu ambuteyaji, musongamano wa gari, hawezi hata kugeuka. Njo mukwe wangu akakaa mu mutope pembeni ya gurudumu, mutu muzima, akashika kichwa. Nilimuona ku dirisha. Nilitaka kutoka nimupige. Nakwambia kweli, nilitaka kumupiga na kiatu.

"Bijou, ambia mukwe wangu asimame!" nikasema. "Mwambie mutoto wake hajakufa! Mwambie atalia kesho!"

Alisimama. Akaingiza kichwa chini ya tablo na taa ya simu, akavuta ile shene, imekatika, vipande mbili. Akajaribu kuifunga na waya, ikakatika tena. Kisha akaangalia kule kuume, chini kabisa, mahali Firmin aliacha ule mukia wa chuma ya zamani. Akatafuta mu sanduku yake ya vyombo, akatoa kle, spana kubwa ya meno, ile mafundi wa bomba wanatumia. Akaikamata ku ile chuma, akasukuma. Chini ya gari nikasikia magurudumu inasogea mu mutope.

"Inageuka!" akasema. "Bijou, inageuka! Chuma ya kuume bado inageuza!"

Kisha akaangalia pedali. Pedali iko kushoto, kle iko kuume, na chini. Mutu moja hafiki. Kutoa volan na kuihamisha haikuwezekana, Firmin aliichomelea mpaka siku ya mwisho. Ilihitaji mutu wa kukanyaga na mutu wa kupiga magoti pale chini akigeuza. Bijou hakuweza: mara tu alijaribu kuniletea mutoto, Gloire akakuwa bluu mpaka ku kucha, tukamurudisha haraka ku kifua ya mama yake. Mimi pedali sijui hata moja.

"Bijou," Patrice akasema, macho ku ukungu wa dirisha, "ambia maman..." Akashindwa. "Ambia maman kama..."

Njo nikafungua mulango. Nikazunguka mu mvua, nikafungua mulango ya mbele, nikapiga magoti pale chini ya tablo, kichwa changu kando ya goti ya mukwe wangu. Mikono yangu ni ya jembe, tangu utoto. Nikakamata kle.

"Nionyeshe," nikasema. Kwake yeye. Kwa kinywa changu.

Kule chini hauoni kitu. Hauoni barabara, hauoni mbingu. Nilikuwa naona nyaya, vumbi, na miguu ya Patrice ku pedali. Moteri ikawaka. Alirudisha jeep nyuma, ikatoka ku udongo.

"Maman," akasema polepole, "tafazali, kama inawezekana, kuume kidogo..."

Nikasukuma. Gari ikagonga kitu.

"Samahani, maman, ilikuwa zaidi, sasa nikuombe kushoto..."

"Wewe!" nikamulalamikia. "Acha heshima! Ukimaliza kuniomba tutakuwa mu shimo! Sema kuume, sema kushoto, basi!"

"Kuume!"

Nikasukuma.

"Tena! Tena! Acha! Kushoto! Kushoto, Agnès, kushoto!"

Jina yangu. Hata bwana yangu marehemu alikuwa ananiita mama Bijou. Lakini nilisukuma kushoto kwa nguvu yote, na ile jina njo ilinisukuma.

Tukashuka vile. Yeye macho, mimi mikono. Kle ikifika mwisho naitoa ku chuma, naikamata upya, na mu ile kitambo gari haina mutu wa kuigeuza. Ngozi ya vidole ikatoka. Nilikuwa nanusa mafuta na suruali yake ya mvua. Mguu wake wa freni ulikuwa unatetemeka, ninauona, unatetemeka sawa wa mugonjwa wa malaria, lakini kila mara alikanyaga, alikanyaga polepole, polepole kabisa, ili mutoto asitikisike. Kiatu yake ilikuwa imefunguka upande, kidole iko nje. Miaka yote ile sijawahi kumuangalia karibu. Nilimwona mutu wa maneno ya likambo te. Chini pale nikaona mutu mwenye hofu sawa yangu.

"Bijou, mushale?" nikauliza.

"Bado kidogo ufike ku nyekundu."

"Midomo?"

"Maman, geuza tu."

Nikageuza. Mvua ikapunguka, na nikaanza kusikia watu: honi, redio, wamama wanauzisha. Tulifika Panzi, mwanzo wa muji. Hapo inatoka pikipiki, hapo mukokoteni, hapo mutu na mbuzi, na Patrice sauti inakatika: kushoto, acha, kuume, acha, acha Agnès acha! Kisha akakanyaga freni.

"Karatasi," sauti moja ikasema ku dirisha. Ilikuwa polisi ya rulaji, wa barabara. "Unaendesha namna gani, wewe? Gari inatembea sawa mulevi. Volan hauishiki!"

Nilitoka chini ya tablo. Kichwa changu ikatokea pembeni ya goti ya Patrice, kitambaa imeanguka, mafuta ku uso, damu ku vidole, na ile kle mu mukono.

"Volan ni mimi," nikamwambia. "Na nyuma yangu kuna mutoto anakosa pumzi. Ukitaka karatasi, utaikuta ku hopitali."

Ule mutu aliangalia nyuma. Akaona maske, akaona uso ya Gloire. Akaweka filimbi mu kinywa, akaenda mbele ya gari na mbio, anapiga watu wa pikipiki na kofia yake watoke. Nilirudi chini. Kutoka pale nilikuwa nasikia filimbi mbili, moja mbele ku barabara, moja nyuma mu kifua ya mujukuu wangu, na ile ya nyuma ilikuwa inapunguka.

Mu mutaa wa Essence ambuteyaji ilitufunga. Tulisimama. Tukatembea kidogo, tukasimama.

"Maman," Bijou akasema. Sauti yake ilikuwa ya chini sana. "Mushale hautembei tena."

"Bado inatoka hewa?"

"Sijui. Siisikii."

"Na Gloire?"

Nilisikia anagonga mutungi na kidole.

"Bijou! Na Gloire?"

"Anaangalia tu. Ananiangalia tu, maman."

Ee Nyamuzinda, Mungu wetu. Nilisema mambo kwa Mungu pale chini yenye siwezi kurudilia mbele ya padri. Nilimwambia anichukue mimi, na kama hataki mimi, ajue sitamwimbia tena siku ya mungu hata moja. Patrice alianza kupiga honi, mukono wote umelala juu yake, na alikuwa analia, machozi inaanguka ku goti, karibu na kichwa changu. Ule polisi akapiga mukono ku gari za mbele, akavuta mutu moja ku dirisha na shati. Njia ikafunguka. "Kuume!" Patrice akasema, "kuume yote, Agnès, pandisha ku pembeni, pandisha!" Tukapita juu ya mawe, chuma ikalia, nikasukuma kle na kifua, na mabega, na meno.

Ku mulango ya hopitali jeep ilisimama katikati ya njia, tukaiacha pale pale. Bijou alishuka na mbio na Gloire ku kifua, mguu wa mutoto unaning'inia. Watu wenye nguo nyeupe wakamukuta, wakamupokea, wakaingia naye wote. Mulango ikafungwa.

Mimi na Patrice tukabaki mu kulwari, korido ya hopitali, ku benchi moja. Benchi moja, na haikunijia hata kuhama. Nilikuwa na kle bado, vidole haikukubali kufunguka. Muda ulipita, mimi sijui ngapi, wa mutu wa kufa au wa kuzaa. Daktari moja alipita mbio, akarudi na kitu mu sanduku refu, akaingia. Hakutuangalia. Patrice akaanza rozari, akaharibu hesabu, akaanza tena.

Kisha sentineli wa mulango akakuya.

"Chofere wa ile jeep ni nani? Imefunga njia. Ambilansi inataka kuingia."

Tulisimama sisi wawili kwa mara moja.

Sentineli akatuangalia, huyu na huyu. "Nasema chofere."

"Njo sisi," Patrice akasema.

Sikutaka kuenda. Kuacha ule mulango ilikuwa sawa kuacha mutoto. Lakini ndani ya ile ambilansi kulikuwa mutoto wa mutu mwingine, na mama yake pengine anaangalia mushale. Tukaenda. Nikapiga magoti tena chini ya tablo, nikakamata chuma. Moteri ikawaka.

"Kuume kidogo," Patrice akasema. "Tena. Acha. Kushoto."

Njo nikasikia Bijou.

Alikuwa mbali, ku upande wa majengo, na alikuwa analia kwa sauti yote. Maneno haikusikika, moteri iliifunika. Nilisikia ile sauti tu, na sauti ya mama akipiga vile inaweza kuwa ya furaha, inaweza kuwa ya kufiwa. Mikono yangu ikakufa ku kle.

"Patrice," nikasema. "Unaona nini?"

Mguu wake ukatoka ku pedali. Jeep ikaruka, moteri ikazima.

"Patrice! Mimi huku sioni! Sema!"

"Anakimbia, maman. Anakuya huku."

"Anakimbia namna gani?"

"Sijui... anakimbia tu. Amepoteza kiatu."

"Mikono," nikasema. Mwanamuke wa kwetu akifiwa, mikono inapanda ku kichwa yenyewe, hata haiiti. "Patrice, mutoto wangu, niambie. Mikono yake iko ku kichwa?"

Alivuta pumzi.

"Hapana," akasema. "Haiko ku kichwa. Anaifungua. Maman, anaifungua mbele yake, anatuita. Anasema haragi imetoka. Anasema Gloire amelia. Amelia kwa sauti, maman!"

Kle ikaanguka. Nililaza uso ku goti ya mukwe wangu, pale pale, mu mafuta na mvua, nikalia sawa mutoto, na yeye akaweka mukono ku kichwa changu na akaiacha pale. Sentineli akapiga dirisha, akasema gari itoke mu njia. Nikaokota kle.